Kompaila Kubwa: Isambazwe Nzima au Igawanywe?

Kompyuta haifahamu lugha ambazo wataalamu huziandikia programu. Inazifahamu amri za mashine tu, zilizoandikwa kwa tarakimu. Kazi ya kutafsiri lugha hizo ziwe amri za mashine hufanywa na programu iitwayo kompaila.

Mfano mashuhuri ni GCC, iliyotolewa na Richard Stallman nchini Marekani mwaka 1987. Hapo mwanzo ilishughulikia lugha ya C peke yake. Baadaye zikaongezwa C++, Fortran, Ada na nyinginezo, hata mwaka 1999 maana ya jina lake ikabadilishwa, likawa jina la mkusanyiko wa kompaila. Basi swali likazuka: je, mwanafunzi ahitajiye C tu, mwenye mashine ndogo na mawasiliano ya gharama kubwa, alazimike kuchukua shehena nzima?

Jibu limo katika muundo wa ndani. Kila lugha ina sehemu yake ya kuchunguza sarufi. Kutoka hapo lugha zote hupita njia moja: hugeuzwa kuwa umbo la kati, huboreshwa, kisha hutolewa amri za mashine. Arekebishaye umbo hilo huziathiri lugha zote kwa pamoja. Sehemu zikitunzwa mbalimbali, moja yaweza kubadilika na nyingine ikabaki nyuma, zisipatane tena. Waundaji wa LLVM, kompaila nyingine kubwa, waliziunganisha sehemu zake katika hazina moja mwaka 2019.

Lakini mahitaji ya fundi siyo ya mtumiaji. Debian, mfumo wa kompyuta usambazwao bure, huitengeneza GCC kutoka chanzo kimoja, kisha huigawa katika vifurushi: C mbali, Fortran mbali, Ada mbali. Maktaba nazo, yaani sehemu ambazo programu huzihitaji kila inapoendeshwa, zina vifurushi vyake. Kwa hiyo aendeshaye programu ya C++ huchukua maktaba yake, wala haihitaji kompaila yenyewe.

Hata hivyo mgawanyo una gharama. Kila kifurushi hakina budi kutaja matoleo ya vingine kinavyovitegemea. Programu iliyotayarishwa kwa maktaba mpya yaweza kukataa kabisa kufanya kazi penye maktaba ya zamani.

Ni dhahiri, basi, kwamba tunauliza maswali mawili, si moja. Karakana na ibaki moja, ili mafundi wasipotezane. Mzigo ugawanywe wakati wa kuusambaza, ili kila mtu abebe anachokihitaji.