Ukikodi seva, jina lako linaandikwa wapi?

TUKUYU

Mfanyabiashara wa Kisondela anayekusanya parachichi, ndizi au maziwa na kuyapeleka Tukuyu mjini hahitaji tovuti ili auze mzigo wa leo. Haja hiyo humjia siku anapotafuta mnunuzi wa mbali. Tangu Novemba 2022, Tanzania na China zilipotiliana saini makubaliano ya kufungua soko la parachichi, mazungumzo ya wanunuzi wa mbali si ndoto tena kwa wakulima wa Rungwe, na mnunuzi wa namna hiyo hutaka kwanza kuona tovuti na barua pepe yenye jina la biashara.

Bei yenyewe haitishi. Seva ndogo ya kukodi nje ya nchi hupatikana kwa dola 5 au 6 za Marekani kwa mwezi, na jina la tovuti linaloishia na .com kwa kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Lakini ipo gharama isiyoonekana kwenye ankara. Mteja hutakiwa kutoa jina kamili, anwani, barua pepe na namba ya simu, na baadhi ya kampuni hudai pia nakala ya kitambulisho. Kwa kampuni kubwa ya Dar es Salaam hayo ni mambo ya ofisi. Kwa mfanyabiashara mdogo, ofisi ndiyo nyumba anayolala, na namba ya simu ndiyo hiyo hiyo anayopokelea malipo ya mzigo.

Kwa miaka mingi taarifa za mwenye jina la .com zilikuwa wazi kwa yeyote duniani aliyetaka kuzisoma, katika daftari la kielektroniki liitwalo WHOIS. Hali ilibadilika Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi (GDPR) ilipoanza kutumika. ICANN, taasisi ya Marekani inayosimamia majina hayo, ililegeza masharti yake, na wasajili wengi wakaanza kuficha majina na namba za watu binafsi. Januari 2025 mfumo wa WHOIS wenyewe uliacha kuwa wa lazima kwa majina hayo, nafasi yake ikachukuliwa na mfumo uitwao RDAP. Hata hivyo, yaliyokwisha kunakiliwa na wauza orodha kabla ya hapo hayarudi. Aidha, masharti ya ICANN hayayabani majina ya nchi kama .tz, ambayo kwa Tanzania yako chini ya TCRA. Anayechagua .tz, ambalo ni chaguo zuri kwa biashara ya nyumbani, amwulize msajili wake kabla ya kulipa: lipi litaonekana hadharani na lipi halitaonekana?

Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila seva kwenye intaneti, zina daftari lake. Kwa Afrika linatunzwa na AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius, na lenyewe husomwa na yeyote. Anayekodi seva moja hana sababu ya kuhofu sana, kwani jina linaloonekana pale kwa kawaida ni la kampuni yenye seva. Mambo hubadilika mteja anapochukua fungu la anwani kwa matumizi yake, kwa mfano kijana anayetaka kuuza huduma ya intaneti mtaani. Hapo kampuni hutakiwa kuandika fungu hilo limepewa nani, na jina la mtu wa kuwasiliana naye huweza kuingia humo.

Kwa nini namba ya simu izue wasiwasi? Kwa sababu hapa nchini namba ni zaidi ya namba. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na mtu akiingiza namba kwenye huduma ya pesa kana kwamba anataka kutuma, huonyeshwa jina la mwenye laini. Tapeli mwenye namba, jina, biashara na mahali hahitaji kubahatisha ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anajua wa kumwandikia, na anajua ni mzigo gani wa kuutaja.

Wapo wanaokimbilia kuandika jina la uongo. Hilo ni kosa la kibiashara. Kwa majina ya .com, taarifa za uongo zinazoandikwa makusudi ni sababu ya kusimamisha au kufuta usajili. Baya zaidi ni kumwachia fundi wa tovuti asajili kwa jina lake ili mwenye biashara asionekane. Mbele ya msajili, aliyeandikwa ndiye mwenye jina. Siku wakikosana, tovuti na barua pepe za wateja hubaki kwa fundi.

Siri hiyo nayo ina mpaka mbele ya dola. Mkurugenzi wa JamiiForums, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani Dar es Salaam Desemba 2016, na miongoni mwa mashtaka yalikuwamo ya kuzuia uchunguzi wa polisi waliotaka taarifa za watumiaji, na ya kuendesha tovuti isiyo na jina la .tz. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimpiga faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la kuzuia uchunguzi.

Mwenye tovuti naye ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Orodha ya wakulima na namba zao, ikihifadhiwa kwenye seva ya Ujerumani, imeshavuka mpaka.

Kwa anayeanza, njia ya bei nafuu ni kusajili kwa jina halisi, kutumia sanduku la posta badala ya nyumba, kuomba huduma ya kuficha taarifa, ambayo baadhi ya wasajili huitoa bure, na kununua laini ya pili isiyofunguliwa huduma ya pesa.