Namba na Matumizi Yake: Mafunzo kutoka Mabalako

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, teritwari ya Beni, mkoani Kivu ya Kaskazini. Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 25 Juni 2020, mwisho wa mlipuko huo ulipotangazwa, wakazi wa Mabalako, Beni na Butembo waliishi pamoja na namba. Ishirini na moja, arobaini na mbili, thelathini na nane: namba hizi zilisemwa redioni, makanisani, sokoni na kwenye vituo vya kunawia mikono. Ziliamua nani atembelewe nyumbani kila siku, nani aruhusiwe kupita kizuizini, na lini watu waruhusiwe kupumua.

Lengo la makala haya si kueleza historia ya ugonjwa huo. Lengo ni kumtazamisha msomaji anayeanza jambo ambalo wanafunzi wetu wa isimu hulipita haraka, kwa kudhani kwamba ni mali ya walimu wa hisabati: namba na namna watu wanavyozitumia katika lugha. Tutaonyesha kwamba namba huwa moja kwa wote pale inapoandikwa kwa tarakimu, lakini ikitamkwa huingia katika lugha, na humo inaweza kubeba maana zaidi ya moja.

2.0 Kazi nne za namba

Kwanza tutofautishe maneno matatu. Tarakimu ni alama ya kuandikia. Ziko kumi tu, 0 hadi 9. Namba ni wazo linaloandikwa kwa alama hizo. Idadi ni namba ya vitu au watu waliokwisha kuhesabiwa. Hivyo 21 imeandikwa kwa tarakimu mbili, lakini ni namba moja, nayo inaweza kuwa idadi ya siku, ya mbuzi au ya magunia ya kakao.

Pili, namba hufanya kazi nne zilizo tofauti. Huhesabu: watu watatu. Hupanga: mtu wa tatu. Hupima: homa ya digrii 38. Na hutambulisha, kama inavyofanya namba ya simu au ya kitanda cha hospitali. Kazi hizi zisichanganywe. Digrii 38 ni kubwa kuliko digrii 37, lakini mgonjwa wa kitanda cha 38 hana homa kubwa kuliko wa kitanda cha 37. Namba inayotambulisha haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililovaa nguo za hesabu.

3.0 Majina ya namba katika Kiswahili

Katika Kiswahili sanifu, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, pamoja na ishirini, thelathini, arobaini, mia na elfu. Athari ya asili hiyo mbili inaonekana katika sarufi. Tunasema watu wawili, vitabu viwili, watu wanane, vitabu vinane. Lakini watu sita, vitabu sita. Maneno sita, saba na tisa yalipopokewa hayakuvikwa viambishi vya ngeli.

Maneno ya kale hayakufa yote. Kenda, yaani tisa, lingali linajulikana, na Wakikuyu wa Kenya hulitumia neno hilohilo. Fungate, ambalo leo ni mapumziko ya maarusi, linatokana na jina la kale la saba, kwa kuwa mapumziko hayo yalikuwa ya siku saba.

Kiswahili kinachozungumzwa mashariki mwa Kongo kimefuata njia yake. Aghalabu husikika munane badala ya nane, kenda badala ya tisa, na makumi mbili badala ya ishirini. Mwanafunzi aliyefunzwa sanifu huharakisha kuyaita makosa. Lakini tuyachunguze. Neno ishirini halimwambii mtoto lolote kuhusu mbili wala kumi, sharti alikariri. Makumi mbili linajieleza lenyewe: ni kumi zilizo mbili. Kwa upande wa uwazi, msemaji wa sokoni hapa amemshinda mwandishi wa kamusi.

Juu ya hayo ipo lugha ya tatu. Bei na namba za simu hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe ni kile cha Kibelgiji, ambamo sabini ni septante na tisini ni nonante. Basi namba 21 inaweza kumfikia mkazi wa Mabalako kwa sura tatu: ishirini na moja kutoka redioni, makumi mbili na moya kutoka kwa jirani, na vingt et un kutoka kwa muuguzi. Mwenye kutoa tangazo la afya hana budi kujiuliza ni ipi kati ya sura hizo inayosikika vizuri kwa huyo anayeambiwa.

4.0 Siku ya tatu ni ipi?

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kazi ya pili ya namba, yaani kupanga. Juma la Kiswahili sanifu huhesabiwa kuanzia siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, hadi Jumatano. Kisha huja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Kwa hiyo juma moja lina siku mbili za tano, na hakuna anayeona ajabu.

Mashariki mwa Kongo wengi huhesabu kwa kufuata juma la kazi. Siku ya kwanza ni ile ambayo sanifu huiita Jumatatu. Kisha siku ya pili, ya tatu, ya ine na ya tano. Siku ya sita huitwa siku ya posho, kumbukumbu ya mgawo wa chakula waliopewa vibarua, na ya saba ni siku ya Mungu.

Tuchukue mfano. Mhudumu wa afya anamwambia mama mmoja: "Tutarudi siku ya tatu." Mama anaweza kuelewa mambo matatu. La kwanza, siku ya tatu ya juma kwa hesabu ya hapa, yaani Jumatano. La pili, Jumatatu, ikiwa amezoea lugha ya redio na vitabu na amesikia "tatu" tu. La tatu, siku ya tatu kuanzia leo. Na hili la tatu nalo lina pande mbili: je, leo yenyewe imo katika hesabu au haimo? Mhudumu akija siku ambayo mama hakuitazamia, akakuta nyumba imefungwa, ataandika katika daftari kwamba familia imekimbia. Familia haikukimbia. Imehesabu tu.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Saa mbili asubuhi ya Mswahili ni huit heures ya Mfaransa. Anayefasiri neno kwa neno maagizo ya dawa, deux heures akaifanya saa mbili, amesogeza dawa kwa saa sita.

5.0 Sifuri na siku ishirini na moja

Kwa nini ishirini na moja? Mtu aliyeambukizwa virusi vya Ebola huonyesha dalili kati ya siku ya 2 na ya 21. Kwa hiyo aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Zikipita bila dalili, yuko salama.

Lakini hesabu yaanzia wapi? Tuseme mtu amemgusa mgonjwa siku ya Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2018. Mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko huiita siku hiyo sifuri. Siku ya kwanza ni tarehe 7, na ya ishirini na moja ni tarehe 27. Msemaji wa kawaida hana siku ya sifuri. Kwake siku ya kwanza ni ile jambo lilipotokea, na hivyo hesabu yake huishia tarehe 26. Hakukosea kujumlisha. Amehesabu kama wanavyohesabu Wakristo, ambao kwao kutoka Ijumaa Kuu hadi Jumapili ya Pasaka ni siku ya tatu. Hata Wafaransa hufanya hivyo: juma moja huliita siku nane, huit jours, na majuma mawili siku kumi na tano, quinze jours.

Sifuri ni mgeni katika lugha zote. Neno lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu, na neno hilohilo ndilo lililowapa Wafaransa zéro na chiffre pia. Hakuna mkulima aliye na mbuzi wa sifuri. Kwa hiyo anayesema "siku ishirini na moja" bila kueleza siku ya kuanzia amesema nusu ya ujumbe.

Dawa ya tatizo hili ni nyepesi, nayo imo katika namba yenyewe. Ishirini na moja ni saba mara tatu. Aliyemgusa mgonjwa siku ya Jumatatu atamaliza siku ya Jumatatu, majuma matatu kamili baadaye. Ukisema hivyo, kisha ukataja tarehe, utata umeondoka.

6.0 Arobaini na arobaini na mbili

Ili mlipuko utangazwe kuwa umekwisha, siku 42 hupita baada ya mgonjwa wa mwisho kupimwa mara mbili na kukutwa hana virusi tena. Namba hii ni 21 mara mbili: muda mrefu kabisa wa virusi kujificha, kisha muda mwingine kama huo kwa tahadhari.

Hapa namba ya wataalamu ilikutana na jirani yake wa zamani. Arobaini katika lugha yetu si idadi tu. Siku za mwizi ni arobaini, wala hakuna anayezihesabu. Maana yake ni kwamba zina mwisho. Pwani, arobaini ni siku ya kumkumbuka marehemu na ni muda wa mzazi kukaa ndani. Katika Biblia gharika na jangwa vina arobaini zake. Neno karantini lenyewe limetokana na arobaini ya Kiitaliano. Arobaini ni namba ya mviringo. Arobaini na mbili ni namba kamili, na siku zake hazina budi kutimia moja moja.

Tofauti hiyo ilionekana kwa uchungu mwaka 2020. Mapema mwezi Machi mgonjwa wa mwisho aliruhusiwa kutoka hospitali mjini Beni, na hesabu ikaanza. Tarehe 10 Aprili, zikiwa zimebaki siku chache tu hesabu itimie, mgonjwa mpya alithibitishwa mjini humo, na hesabu ikaanza upya. Walioielewa arobaini na mbili kuwa ahadi walijiona wamedanganywa. Haikuwa ahadi, ilikuwa sharti. Lugha iliyotumika kuitangaza haikuonyesha wazi tofauti hiyo.

7.0 Jumla isiyoshuka

Mlipuko ulipokwisha, jumla ya wagonjwa ilikuwa 3,470 na ya waliofariki 2,287. Katika shule zetu 3,470 huandikwa aghalabu 3.470, na koma huachiwa sehemu za desimali. Kenya na Tanzania hufanya kinyume. Msomaji awe macho.

Tena, jumla hukusanya tangu mwanzo na haishuki kamwe, hata siku ambayo hakuna mgonjwa. Anayesikia jumla kila asubuhi bila kuambiwa wagonjwa wapya ni wangapi atadhani moto unazidi kuwaka. Mwisho, 2,287 kati ya 3,470 ni takriban asilimia 66. Ni sahihi, lakini asiyezoea asilimia ataelewa zaidi akiambiwa: karibu watu wawili katika kila watatu.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba namba hufanya kazi nne, kwamba majina yake yana historia, na kwamba kuhesabu siku si jambo moja kwa watu wote. Mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni matatu. Unapotafsiri namba, taja pia inapoanzia. Unapotaja siku, taja na tarehe. Na unapokuta mtu amefika kwenye jibu lisilo lako, mwombe kwanza akuhesabie kwa sauti. Huenda hesabu yake ni sahihi, ila imeanzia mahali pengine.