Mji Mgeni Nao ni Mwalimu wa Sanaa

Kijana wa Gitega au Muyinga anayepata nafasi ya kusomea uchoraji, uchongaji au ngoma nje ya Burundi huagwa kwa mawaidha yaleyale: jihadhari na mji, shika masomo, kaa na wenzako wa nyumbani. Mawaidha hayo yanatokana na upendo, na kwa mwanafunzi wa uhasibu pengine yanatosha. Msanii yanampunja. Kwake yeye kuuzoea mji ni sehemu ya mafunzo yenyewe, tena sehemu ambayo hakuna mhadhiri anayeweza kumfanyia. Asiyejua fundi gani anauza mabaki ya mbao, rangi ipi inastahimili unyevu wa pwani, au wapita njia husimama mbele ya picha ya namna gani, atarudi na cheti huku nusu ya somo ameiacha barabarani.

Ushahidi tunao katika ukanda wetu wenyewe. Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji walikuja Tanganyika kutafuta riziki, wengine katika mashamba ya mkonge, na katika miaka ya 1950 baadhi yao wakaanza kuchonga Dar es Salaam kwa ajili ya wanunuzi wa mjini. Samaki Likankoa, mmoja wao, alikutana na mfanyabiashara Mohamed Peera, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo vikatokea vile vinyago vya shetani ambavyo leo dunia inavitambua kuwa sanaa ya Kimakonde. Ufundi wa mkono waliutoa kwao. Umbo jipya lilizaliwa ugenini, mchongaji alipolazimika kumwelewa mnunuzi asiyejua mila zake. Edward Saidi Tingatinga naye alitoka Tunduru, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam juu ya mbao za dari kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli, kwa sababu hivyo ndivyo vitu alivyoweza kuvipata kwa bei yake. Alifariki mwaka 1972, na miaka hiyo michache ilitosha kuacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Vifaa, wateja na wanafunzi wake, vyote alivipata mjini.

Mzazi atauliza: je, mji hautamfuta mtoto wangu? Hofu hiyo ni ya haki, lakini maisha ya Sam Ntiro yanaijibu. Alitoka Machame, Kilimanjaro, akasoma Makerere, Kampala, katika shule ya sanaa ambayo Margaret Trowell aliianzisha mwaka 1937 kwa kufundisha nyumbani kwake, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950. Mwaka 1956, baada ya miaka hiyo ya Uingereza, alichora Wachagga wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo sasa imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. London haikumnyang'anya Kilimanjaro. Tena nyumbani nako kuna milango iliyofungwa. Ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 na ambazo Gishora, karibu na Gitega, imezilinda kwa vizazi, wanawake walikatazwa kuzipiga kwa amri ya rais ya Oktoba 2017. Msichana wa Gitega mwenye mkono wa ngoma ana sababu nzito ya kutaka kujua miji mingine inasemaje juu ya jambo hilo.

Wenzetu wa nyumbani wana faida, nami siwabezi. Miezi ya kwanza wao ndio watakaompokea mgeni, wamwonyeshe wapi pa kupata kibali cha mwanafunzi, na wamtahadharishe kuwa mwenye nyumba wa Dar es Salaam anaweza kudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hatari huanza mwaka wa pili, akiwa bado anakula, anasali na kuongea nao peke yao. Hapo lugha ndiyo inayoamua, na watu wa Gitega na Muyinga hawaanzi mikono mitupu. Wajerumani walipohamishia makao yao Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya askari na wafanyabiashara. Muyinga nayo iko kwenye barabara iendayo mpakani Kobero, ambako malori ya Tanzania hupita kila siku. Mwenye Kiswahili hicho ataingia Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, akiwa na kazi ya kujifunza adabu za wenyeji tu, kwa mfano kutompita mzee bila shikamoo. Kampala ni ngumu zaidi: darasani Kiingereza, sokoni Kiganda, na Kifaransa cha shuleni hakimsaidii sana. Asiende bila kujiandaa kwa lugha zote mbili.

Wako watakaosema Ulaya ndiyo yenye majumba ya sanaa na ufadhili. Ni kweli, lakini hata Ntiro alipitia Kampala kwanza. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na mwaka 2017 marais wa jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Ahadi hiyo bado inasuasua, ila ni karatasi ambayo mwanafunzi anaweza kuishika mbele ya msajili. Mpaka wa Rwanda ulipofungwa Januari 2024, hata wasafiri wa Kampala waligeukia njia ya Kobero na Tanzania, hivyo safari ya msanii wa Gitega sasa inaweza kuanzia Muyinga. Kabla ya kupanda basi, atumie wiki kadhaa katika Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, akichora vikapu, vyungu na vyombo vya ikulu ya kale mpaka daftari lijae. Wachoraji wa mji mgeni watataka kwanza kuona mkono wake, na daftari hilo litawapa cha kuongea naye kabla lugha yake haijanyooka.