Kula Bata Maji, Singida

Oya, kabla hujaanza kucheka nikuchane mapema: Ijumaa ile hatukwenda baa, hatukwenda disko, na mechi haikuwepo. Tulijichimbia uani kwa mshikaji, geto la Utemini, wana sita, shuka jeupe limepigwa misumari ukutani, tukacheki baleti. Ndiyo, baleti. Ile ya mademu kusimama juu ya ncha za vidole na masela kuvaa taiti. Kuku walikuwepo, tulia, tutafika huko.

Mchongo aliuanzisha sista wa kundi letu anayeuza mafuta ya alizeti barabarani, yale madumu wanayogombania abiria wa mabasi ya Mwanza. Kakutana na kipande cha video kwenye simu: mademu wanne weupe pee, wameshikana mikono kwa kupishanisha, wanakwenda mwendo mmoja, vichwa vinageuka kwa pamoja, kulia, kushoto, chini. Akarusha kwenye grupu na maneno matatu tu: "Si heroe hawa?"

Akatumaliza. Mtu wa Singida humwelezei heroe. Ziwa Singidani liko hapo hapo mjini na maji yake ya chumvi, na ndege wenyewe sote tumewakodolea macho tangu tuko na kaptula za shule. Heroe wakiingia msimu wa kutafutana hujikusanya kundi zima, shingo juu, wanapiga hatua za haraka haraka huku vichwa vinakatika kulia na kushoto utadhani wana mwalimu mmoja. Sasa wale mademu wanne walikuwa wanafanya hivyo hivyo, tofauti ni sketi.

Kumbe kile ni kipande cha Swan Lake. Sisi tukaipachika jina letu, Ziwa la Batamaji, na mwana mmoja akaandika, "Basi Ijumaa tunakula bata maji." Shughuli ikawa imeshapata jina, ikabaki mpunga. Msimbazi mmoja kila kichwa. Projekta tuliiazima kwa jamaa wa kibanda umiza. Alipouliza ni mechi ya nani tukamwambia ya Warusi, akatukabidhi bila maswali.

Haya, msosi. Jogoo wawili wa kienyeji, na hapa naomba nisikilizwe. Kuku wa Singida huyu anayepanda basi kwenda Dar akiwa kwenye tenga ameshakula upepo njia nzima, stresi tupu. Sisi tunamkamata angali anajitambua. Ni mgumu, ametembea sana maishani, humkaangi kihuni. Unamchemsha kwanza na chumvi, tangawizi na ndimu mpaka alainike, supu unaiweka pembeni, halafu ndiyo anaingia kwenye mafuta ya alizeti, yale ya mashine za hapa hapa, mazito, yananukia mbegu. Harufu ilivuka ukuta, jirani akaja "kuulizia chaja". Ugali wa uwele, mlenda, kachumbari ya vitunguu vyetu vinavyoliza watu. Kwa wapenda utamu kulikuwa na viazi na asali. Mwana mmoja alitaka kuleta zege kutoka kijiweni, tukamgomea. Chipsi mayai unakula Jumanne.

Sehemu ya kwanza ya baleti, niwe mkweli, inaboa. Pati ya kifalme, watu wanainamiana, wanapeana vikombe, dakika zinakwenda. Hapo ndipo dereva boda wetu alipotuokoa. Baleti haina maneno hata moja, sasa yeye akakamata mwiko badala ya maiki, akaanza kututafsiria kama zile muvi za kibanda umiza. "Huyu dogo ni mtoto wa malkia. Maza anamwambia, umri umekwenda, kesho uchague mke. Dogo kapaniki, kachukua upinde, kasepa porini."

Huko porini kuna ziwa, na kwenye ziwa ndiyo mambo. Demu anaitwa Odette, kalogwa na mchawi: mchana batamaji, usiku binti. Dawa yake ni mwanaume mmoja aape kumpenda yeye tu. Dogo anaapa kiroho safi. Halafu mchawi anamleta binti yake mwenyewe kwenye pati, kafanana na Odette kila kitu ila kavaa nyeusi, na dogo anaingia mkenge mbele ya maza na wageni. "Macho kayaacha nyumbani huyu," boda akasema, na mwiko ukapigwa chini.

Lakini yule wa nguo nyeusi ni noma. Kuna mahali anasimama kwa mguu mmoja na kuzunguka mara 32, mguu wa pili unachapa hewa kumpa mzunguko mpya. Tukaanza kuhesabu kwa sauti, kama unavyomhesabia mtu danadana. Kumi na tano... ishirini... Kufika thelathini hakuna aliyekuwa anatafuna. Na vile viatu havina chuma ndani, nilisoma: ncha yake ni tabaka za karatasi, kitambaa na gundi, na wakali wao huweza kuua pea moja kwa shoo moja. Fundi viatu wa Ipembe angecheka, au angelia.

Upepo wa Singida nao ukaleta mzuka wake. Kila ukivuma shuka linatikisika, na ziwa la kwenye picha linafanya mawimbi. Umati wa batamaji weupe juu ya maji yanayocheza kweli! Teatri ya Moscow haina kitu hicho. Tena huko huko Moscow, mwaka 1877, mzigo huu ulipotoka mara ya kwanza ulibuma. Tchaikovsky, mwenye muziki, alifariki 1893, na baleti ikaja kubamba 1895 baada ya wapanga hatua Petipa na Ivanov kuisuka upya kule Saint Petersburg. Wasanii wa kitaa mnaolia ngoma zenu hazisogei, nawapa pole.

Tulipomaliza Warusi, sista wa alizeti akatuwekea vipande vya Dada Masilo. Dada ndilo jina lake, wala siyo heshima. Mtoto wa Soweto, mwaka 2010 aliikamata Swan Lake hiyo hiyo akaivua viatu: pekupeku, hatua za ngoma za Afrika Kusini, wanaume nao ndani ya sketi za batamaji, na dogo wa malkia moyo wake uko kwa mwanaume mwenzake. Hapo uani palizuka mjadala mkali, siuandiki. Ila miguu ile ilipokuwa inakanyaga sakafu, boda alisahau kutafsiri. Masilo alifariki Desemba 2024, ana miaka 39 tu. Kwa kura yangu, ndiye aliyeubeba usiku wote.

Njia ya kurudi nikawa nawaza kitu kimoja tu: baleti yetu wenyewe. Nairobi kuna Joel Kioko, dogo wa Kuwinda, aliyeanza baleti kwenye darasa la shule madawati yametolewa nje, na Desemba 2016 akacheza The Nutcracker kwao. Manyoni kuna akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma imebanwa mapajani, na viungo vyao vinafuata mdundo bila kukosea. Na sisi tuna Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyepambana na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Masimulizi yanasema aliwatumia nyuki. Jina lake tumelipa uwanja wa mpira. Sasa fikiria jukwaa limejaa nyuki arobaini, miguu inatetemeka, na yeye katikati.

Nyie mnaosomea ngoma pale TaSUBA Bagamoyo, itengenezeni hiyo baleti ya Liti muilete Singida. Shuka jeupe lipo, na kuku tutakamata sisi.