Kauri Moja, Masomo Manne

Wasikilizaji wetu, watoto wengi wa huku Dodoma hawajaiona bahari kwa macho. Mwalimu akitaja mawimbi, huliandika neno bila kosa, lakini mioyoni mwao hamna picha yoyote. Siku moja tulimpa mtoto kauri aishike, naye akauliza, "Mwalimu, mbegu hii huota wapi?" Wenzake wakamcheka. Kosa lilikuwa letu, maana tulikuwa tumefundisha jina tu, wala si kitu chenyewe.

Tangu siku ile twaanza na kauri mkononi. Katika elimu ya viumbe twaeleza ya kuwa hii ni nyumba ya konokono wa baharini. Mvua zinyeshapo twaokota konokono wa shambani na kuwalinganisha. Wote wawili hujijengea nyumba ya chokaa. Ila kauri aliye hai hulifunika gamba lake kwa ngozi laini, ndiyo sababu hung'aa. Twasaga kipande cha gamba, twakitia maji ya ndimu, na watoto waona povu likitoka.

Katika jiografia twaifuata njia ya misafara ya zamani, toka Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Ugogo, hata Tabora na Ujiji. Hapo mtoto hutambua kwamba nchi yake ilikuwa mlango wa bara, na wapitao walilipa hongo kwa watemi wa Kigogo.

Katika historia twasimulia habari za Buganda, ambako kauri zilikuwa fedha. Hata leo Waganda huziita fedha ensimbi, ndilo jina la kauri.

Hesabu nazo hazikosi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipakia kauri nyingi mno Unguja, wakazipeleka Afrika ya Magharibi. Zilipozidi, thamani yake ikashuka. Basi twauliza: mbuzi wa kauri 1,000 akiuzwa sasa kwa 2,000, ni nani aliyepata hasara? Watoto hubishana sana, mpaka mmoja aseme: "Ni yule aliyeweka kauri akiba."

Walimu wenzetu, gamba moja kuukuu latosha miaka mingi. Hapana haja ya kumwua konokono aliye hai. Na mtoto akiuliza juu ya mbegu, msimcheke. Swali lake ndilo mwanzo wa somo.