Je, Wajua? Bakteria Hutengeneza Protini ya Binadamu
Protini TDP-43, ambayo katika seli za binadamu hushikamana na RNA, yaani molekuli inayobeba nakala ya maelekezo ya jeni, ina asidi amino 414, na mwaka 2006 ilibainika kuwa ndiyo hujirundika katika seli za neva za wagonjwa wengi wa ALS, maradhi yanayodhoofisha misuli hadi ikapooza. Ili kuipata kwa wingi, wanasayansi hupandikiza jeni yake katika bakteria Escherichia coli, na zao lake huitwa protini rekombinanti. Kwa kuwa hugandamana upesi mno, huunganishwa na protini nyingine inayoyeyuka vizuri majini, ambayo hukatwa kwa kimeng'enya jaribio linapoanza. Hapo mgando huweza kutazamwa tangu dakika zake za kwanza, jambo lisilowezekana katika ubongo wa mgonjwa aliye hai.