Kupiga Picha Jua, Mwezi na Sayari Ukiwa Suam: Kweli au Si Kweli?

Suam, Endebess na Kitale, nchini Kenya, ziko zaidi kidogo ya nyuzi moja kaskazini mwa Ikweta, na kwa mtu anayetaka kupiga picha sayari hiyo ni bahati kubwa. Hata hivyo, darubini zikitajwa huku husikika maneno mengi yanayowavunja watu moyo bure, na mengine yanayoweza kuwapofusha. Nianze na hayo ya pili.

"Kupatwa kwa Jua kunatazamwa salama kwenye beseni la maji." Si kweli. Novemba 3, 2013, Jua lilifunikwa lote kwa muda mfupi huko Pakwach, Uganda, na upande wa Ziwa Turkana. Huku kwetu lilibaki kipande, na kipande hicho kinatosha kuunguza jicho. Karatasi maalumu ya kutazamia Jua hupitisha takriban sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga. Maji yaliyotulia hurudisha kama sehemu mbili kati ya 100 ukiyatazama kutoka juu, na Jua likiwa chini magharibi, kama lilivyokuwa jioni ile, hurudisha nyingi zaidi. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi na miwani ya jua havifai pia. Ubaya ni kwamba sehemu ya nyuma ya jicho haina hisia ya maumivu. Mtoto hutazama, haumwi, kisha baada ya saa kadhaa anaona doa katikati ya kila anachokitazama.

"Darubini iliyouzwa na kioo chake cheusi cha Jua haina hatari." Si kweli, na hili ndilo baya kuliko yote. Darubini ndogo za mtumba bado huja na kioo cheusi cha kufunga karibu na jicho. Mwanga hufika hapo ukiwa umeshakusanywa, joto hukipasua kioo, na jicho halipati hata nafasi ya kufumba. Kitupe. Kichujio cha Jua hukaa mbele ya darubini, kabla mwanga haujaingia, kikiwa kimefungwa imara upepo usikivue. Kabla ya kila matumizi kiangalie kwenye taa: kikiwa na tundu au mkwaruzo, hakifai tena. Simu na kamera ziwekwapo nyuma ya darubini hulindwa vivyo hivyo.

Asiye na kichujio bado ana njia. Jua likipatwa, simama chini ya mti wenye majani mengi, ulipe Jua mgongo na kupiga picha ardhi. Kila mwanya kati ya majani unatupa chini Jua dogo lililomegwa. Ni picha nzuri sana, na darasa zima linaweza kuipiga kwa simu moja.

"Bila darubini ya bei ghali na uwanja wenye giza nene, usijisumbue." Si kweli kabisa. Giza linahitajika kwa nyota hafifu. Mwezi, Mshtarii na Zohali zinang'aa vya kutosha kupigwa picha katikati ya mji wa Kitale, taa zikiwaka. Darubini ndogo yenye stendi imara na simu iliyoshikizwa kwenye tundu la kutazamia vinatosha kuanzia. Usipige picha moja, rekodi video. Programu za bure kama AutoStakkert huchambua maelfu ya picha zilizomo, huchagua zile zilizonaswa hewa ilipotulia, na kuzipanga moja juu ya nyingine hadi mistari ya mawingu ya Mshtarii ijitokeze. Ila usirefushe video ya Mshtarii kupita dakika mbili tatu, maana sayari ile hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi na picha itafifia.

"Kazi hii ni ya Wazungu huko kwao." Si kweli, anga lao linawanyima. Mwaka 2019 na 2020, Mshtarii ulionekana London ukiwa chini sana kusini, ndani ya hewa nzito inayochezacheza. Huku sayari zote hupita juu, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Damian Peach, mpiga picha wa sayari wa Uingereza, amesafiri hadi Barbados kutafuta anga la namna hiyo. Christopher Go, mpenzi wa anga asiye mwanasayansi wa kulipwa, aligundua mwaka 2006 akiwa Cebu, Ufilipino, kwamba dhoruba moja ya Mshtarii imegeuka nyekundu. Suam iko karibu na Ikweta kuliko Cebu.

"Nyota zikimetameta sana, usiku ni mzuri." Si kweli. Kumetameta ni hewa kuchafuka, na upepo baridi unaoshuka kutoka Mlima Elgon huleta hali hiyo. Ngoja utulie. Weka darubini kwenye nyasi, mbali na mabati na lami vilivyopigwa na jua mchana kutwa.

"Mwezi mpevu ndio wa kupiga picha." Si kweli. Hauna vivuli. Subiri siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, milima na mashimo yaonekane.

"Agosti Mirihi huwa kubwa kama Mwezi." Uongo huu umekuwa ukizunguka tangu 2003, mwaka ambao Mirihi ilitukaribia kuliko wakati wowote katika karibu miaka 60,000. Hata wakati ule upana wake haukufika sehemu ya 70 ya upana wa Mwezi.

"Huku huwezi kuielekeza darubini kwa Nyota ya Kaskazini." Hili ni kweli. Inakaa karibu na upeo wa macho, na kilima au ukungu huificha. Kwa video fupi za sayari, haidhuru.

Februari 2027 Mshtarii na Mirihi zote zitakuwa mkabala na Jua, zikionekana usiku kucha, na kwetu ni kiangazi. Agosti 2, 2027, mchana, Mwezi utamega sehemu ya Jua juu ya Kenya. Walimu wa Suam na Endebess, agizeni karatasi za kichujio mapema, ziwe mikononi mwa watoto kabla ya siku hiyo.